Imefaulu Kuliko Nini? Kupima Programu za Kusoma katika Shule Zetu

(Hotuba kwa walimu wakuu na walimu wa lugha, Hoima, Uganda)

Waheshimiwa maofisa wa elimu, walimu wakuu, walimu wenzangu wa Kiswahili na wa Kiingereza, wazazi mliofika, hamjambo. Mliotoka mbali, Kyangwali na kule Buliisa kando ya ziwa, poleni na safari. Nimewekwa kabla ya chakula cha mchana, na msemaji anayewazuia watu chakula hasamehewi, basi naingia moja kwa moja.

Shule zetu hazikosi programu za kusoma. Mwaka huu inakuja yenye vitabu vya rangi, mwaka ujao yenye tableti, mwaka wa tatu wanakuja vijana wa kujitolea. Mwisho wa mwaka inafanyika sherehe, mtoto anasimama na kusoma ukurasa mbele ya wageni, watu wanapiga makofi, na ripoti inaandikwa kwamba alama zimepanda kutoka hapa hadi pale. Makofi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hiyo "kutoka hapa hadi pale." Mwalimu mkuu ametoa chumba, ametoa vipindi, ametoa mwalimu wake mzuri. Anayo haki ya kuuliza: watoto hawa hawa wangekuwa wapi kama programu isingekuja? Imefaulu, sawa. Imefaulu kuliko nini?

Nazungumzia watoto wa miaka kama 11 hadi 14. Marekani umri huu una shule zake, katikati ya msingi na sekondari. Kwetu umri huu umepasuliwa na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu wa darasa la saba anasema amemaliza kazi, amewapitisha. Mwalimu wa kidato cha kwanza anasema kufundisha kusoma si kazi yake, ni ya shule ya msingi. Mtoto asiyejua kusoma vizuri anaangukia hapo katikati, na mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 haumsubiri: unataka afanye miradi, atafute habari, aandike ripoti, na juu ya hayo yote asome Kiswahili kama somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, wakati wengi wao hawakuwahi kukiona kitabu cha Kiswahili. Isitoshe, shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Waliokuwa madarasa ya chini wakati ule ndio hawa tunaowapokea sasa.

Kabla ya kupima programu, tujue inatibu nini. Tuchukue aya fupi ya Kiswahili: "Mvuvi aliamka alfajiri akaelekea ziwani. Alipofika alikuta nyavu zake zimekatwa." Mpe mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Runyoro. Anaisoma yote, taratibu lakini bila kosa, kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na silabi zake hazina tofauti kubwa na za Runyoro alizofundishwa darasa la kwanza. Sasa muulize mvuvi alikuta nini. Anakutazama. Anainamisha kichwa, anakusomea tena mstari wa mwisho, neno kwa neno, na kunyamaza. Huyo anajua kusoma, ila lugha hana.

Mpe aya hiyo hiyo mtoto wa Kyangwali ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Kiswahili anakimwaga kuliko mimi. Lakini akifika kwenye "zimekatwa" anasema "zi… zime…", kisha anabahatisha "zimekauka," anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mfunikie karatasi, msimulie wewe kwa mdomo, atakueleza mpaka hasira ya mvuvi na nani anadhaniwa kukata nyavu. Huyu lugha anayo, kusoma ndiko hakuna.

Kwenye karatasi ya alama, yule wa kwanza anaweza kupata nne kati ya kumi na huyu wa pili nne kati ya kumi. Programu inawaweka benchi moja, inawapa kitabu kimoja. Mmoja anahitaji msamiati na mazungumzo, mwingine anahitaji kurudishwa kwenye silabi bila kuaibishwa. Ukichanganya wote na kutoa wastani, unaweza kupata programu iliyomsaidia sana mmoja na kumpotezea mwenzake muhula mzima, na wastani ukasema "maendeleo ya kuridhisha." Ndiyo maana nawasihi walimu wa Kiingereza wasituache nje ya jambo hili. Tahajia ya Kiingereza ni ngumu hata kwa wenyewe, kwa hiyo mtoto anayekwama kwenye Kiingereza hujui amekwama wapi. Msomeshe aya ya Kiswahili, kisha mwulize maswali kwa mdomo kwa lugha ya nyumbani kwao. Kwa dakika tano utajua mengi ambayo mtihani wa muhula haukwambii.

Sasa kipimo chenyewe. Kuna mtihani maarufu wa dakika moja: mtoto anasoma kwa sauti, mtu ana saa mkononi, anahesabu maneno sahihi. Ni mtihani mzuri kwa madarasa ya chini, rahisi, hauhitaji mtaalamu. Lakini kwa Kiswahili, na kwa mtoto wa miaka 13, unapima ulimi. Nimewaona watoto wanaokimbia aya kama mtangazaji wa mpira redioni, hawapumui kwenye nukta, kwa sababu wamezoeshwa kwamba kinachosifiwa ni mwendo. Kama programu inafundisha mwendo na mtihani unapima mwendo, basi bila shaka itafaulu.

Hili si la kubuni, limeonekana hapa hapa Uganda. Kule Lango, kaskazini, kulikuwa na programu ya kufundisha kusoma kwa Leblango, lugha ya huko, kwa madarasa ya chini, iliyobuniwa na kampuni ya Mango Tree, na wachumi wawili, Jason Kerwin na Rebecca Thornton, waliipima kwa kugawa shule kwa kura. Programu kamili ilileta mafanikio makubwa ya kusoma na ya kuandika, kiasi ambacho ni nadra kukiona popote. Lakini kulikuwa na toleo la pili, la bei nafuu: mafunzo ya walimu yalipitia kwa wakufunzi wa serikali, na vifaa vikapunguzwa. Toleo hilo halikuinua kusoma kwa kiasi cha kutegemewa, na katika sehemu ngumu za kuandika, watoto wake walifanya vibaya kuliko wale ambao hawakupata programu yoyote. Halafu sikilizeni hapa. Ukiangalia kipimo kimoja tu, kutambua majina ya herufi, toleo la bei nafuu linaonekana ndilo lenye faida zaidi kwa kila shilingi. Ofisa anayetazama safu hiyo moja ya jedwali angelieneza nchi nzima na kujiona amebana matumizi.

Kwa hiyo mtu akija shuleni kwako na kusema "programu yetu imethibitishwa," mwulize mambo mawili kabla hujamwagizia soda. Ilithibitishwa kwa mtihani wa nani? Na kilichothibitishwa ni hiki unacholeta, au ni ndugu yake wa gharama kubwa?

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata watu wenye nia njema, na nitakaa nao kidogo maana ndio unaotoa ripoti nyingi nzuri. Programu hizi zinachagua watoto wa chini kabisa. Tunatoa mtihani, tunachukua 20 wa mwisho, tunawafundisha muhula mmoja, tunawapima tena, wamepanda. Nendeni soko la Hoima jioni hii, mwandike wenye vibanda 20 waliouza kidogo kuliko wote leo, muwape kila mmoja kalenda ya ukutani. Kesho wengi wao watauza zaidi. Si kalenda: leo mmoja alichelewa, mwingine aliuguliwa, mwingine mvua ilimkuta na nyanya zake nje, na mabaya hayo hayatawarudia wote kesho. Mtihani wa kusoma uko vivyo hivyo. Kati ya wale 20 wa mwisho, wapo walio wadhaifu kweli, na wapo waliokuja bila kula, waliorudishwa nyumbani wiki hiyo kwa ajili ya ada na kurudi siku ya mtihani, walioumwa malaria, waliobahatisha wakakosa. Hao watapanda hata ukiwafundisha kucheza ngoma. Wataalamu wa takwimu wanaliita kurudi kuelekea wastani, na halina dawa ila moja: uwe na watoto wengine wa chini vile vile ambao hawakupata programu, uone nao walipanda kiasi gani.

Ongeza kwamba mtoto hujifunza kitu ndani ya muhula hata bila mradi. Ana walimu, ana rafiki, ana redio. Ongeza pia waliotoweka. Programu ilianza na watoto 40, mtihani wa mwisho wamefanya 28. Wale 12 wako wapi? Wengine wamekwenda ziwani kuvua, wengine wameolewa, wengine ada imewashinda. Mara nyingi hao ndio waliokuwa wadhaifu zaidi. Wakiondoka, wastani wa waliobaki unapanda wenyewe bila mtu kujifunza herufi moja. Ndiyo maana napenda mwendo wa shirika la Uwezo, ambao tangu mwaka 2010 wamekuwa wakiwapima watoto wa miaka 6 hadi 16 majumbani badala ya shuleni. Nyumbani ndiko unakomkuta aliyeacha shule. Ukitathmini programu yako, orodha ya mwisho iwe na majina yale yale ya mwanzo, na aliyeondoka afuatwe, au angalau aandikwe kwamba ameondoka. Ripoti isiyosema wangapi walianza msiifunge kwenye faili.

Najua mnawaza: haya ni ya vyuo vikuu, sisi tuna chaki na daftari. Hapana. Shule yoyote hapa inaweza kufanya. Chukua kidato cha kwanza, wapime wote, tafuta walio chini ya kiwango. Tuseme wamepatikana 60, na mwalimu wako na vitabu vyako vinatosha 30. Basi uchaguzi upo tu, hata usipoupenda. Kawaida tunachaguaje? Tunachukua wenye nidhamu, wanaowahi, watoto wa wazazi wanaokuja mikutanoni. Kisha tunashangaa kwamba wamefanya vizuri kuliko wenzao. Badala yake andika majina 60 kwenye vikaratasi, yatie kwenye kofia, waite wazazi, mtoto mmoja avute. Thelathini wa kwanza wanaanza muhula huu, thelathini wa pili wanasubiri wanaanza muhula unaofuata. Kwa muhula mmoja hao wanaosubiri ndio kioo chako.

Wakati wa mapumziko ya chai mama mmoja mzazi aliniambia kuchezesha kura juu ya elimu ya mtoto ni ukatili. Mama, nakuheshimu, na ningekubaliana nawe kama vitabu vingetosha wote. Havitoshi. Mtoto wako anaachwa kwa kura mbele ya macho yako, akiwa na zamu iliyoandikwa, au anaachwa ofisini na hujui kwa nini. Mimi ningechagua kofia.

Yapo masharti machache. Anayepima mwishoni asiwe mwalimu wa programu. Abadilishane na mwalimu wa shule jirani, na asiambiwe nani alikuwa kundi gani. Binadamu ni binadamu, mtoto uliyemfundisha miezi mitatu utamsaidia hata kwa kuinua nyusi. Aya ya mtihani isitoke kwenye vitabu vya programu. Iwe na maswali ambayo jibu lake halipo kwenye mstari mmoja, kwa mfano kwa nini mvuvi hakuripoti polisi, maana hapo ndipo ufahamu unapojitenga na kunukuu. Pia pawe na daftari la vipindi: tarehe, nani alikuwepo, somo lilifanyika au halikufanyika. Nimekuta programu iliyoandikiwa vipindi vinne kwa wiki ikifanyika kimoja, kwa sababu mwalimu alikuwa anasimamia mitihani, au ukumbi ulikodishwa kwa harusi. Ukipima programu ya namna hiyo na kuona haikusaidia, hujapima programu. Umepima harusi.

Jingine la kuandika ni mtoto alitolewa wapi. Saa nne za kusoma kwa wiki zimetoka kwenye somo gani? Kama zimetoka kwenye kilimo au michezo, somo pekee ambalo mtoto huyo alikuwa anang'ara, mnaweza kumpata anasoma vizuri kidogo na hataki tena kuja shule. Hilo halionekani kwenye mtihani wa kusoma. Linaonekana kwenye mahudhurio.

Shule moja ikifanya peke yake, 30 kwa 30, itaweza kutambua tofauti kubwa sana tu. Tofauti ya wastani itafichwa na bahati, na mtajidanganya kwa upande wowote mtakaotaka. Ila shule kumi za Hoima, Kikuube na Buliisa zikikubaliana mtihani mmoja, tarehe moja, kila moja ikichezesha kura yake, mna watoto 600, na hapo hata tofauti ndogo yenye maana itajitokeza. Maofisa wa wilaya, hapa ndipo nawahitaji ninyi. Sihitaji fedha mpya. Nahitaji barua moja yenye muhuri.

Na tutegemee tofauti ya kiasi gani? Watu wanaahidiwa miujiza, kwa hiyo tuwatazame waliotumia fedha nyingi kuliko sisi. Marekani walikuwa na mpango wa serikali kuu ulioitwa Striving Readers, kwa wanafunzi wa miaka hii ya kati na sekondari wanaosoma kwa shida. Zilifanyika tathmini 17 za programu 10. Zilipochujwa kwa viwango vikali, ni programu 4 tu zilizoonyesha dalili yoyote ya kuinua kusoma. Utafiti mwingine wa huko, katika shule 34, uliwapa wanafunzi wa darasa la tisa, wa miaka kama 14 na 15, darasa la ziada la kusoma kila siku kwa mwaka mzima. Walipanda kidogo kuliko wenzao waliokosa kura. Lakini mwisho wa mwaka zaidi ya robo tatu yao walikuwa bado nyuma kwa miaka miwili au zaidi, na mwaka uliofuata, msaada ulipoondolewa, ile tofauti haikuonekana tena.

Mwingine atasema basi tuache. Mimi naisoma tofauti. Mtoto aliyerudi nyuma miaka mitano hatafikishwa kwa muhula mmoja, na anayeahidi hivyo anauza. Tukipata tofauti ndogo lakini ya kweli, ambayo ingempandisha mwanafunzi wa katikati katika foleni ya mia akawapita wanane, hiyo ni kazi kubwa, tuilinde, tuifanye miaka miwili badala ya muhula. Na kipimo cha pili lazima kije baada ya likizo, si siku ya sherehe. Wataalamu wa Marekani, katika mwongozo waliotoa mwaka 2022 kwa darasa la nne hadi la tisa, hawakupendekeza mashine yoyote. Walisema mfundishe kuvunja maneno marefu, mpe mazoezi ya kusoma kwa ufasaha wenye maana, mjengee ufahamu na msamiati kwa utaratibu, na mara kwa mara mpe maandishi magumu kidogo kuliko kiwango chake huku ukimshika mkono. Yote manne yanawezekana kwa ubao na nakala za gazeti.

Kama kura ikionyesha hakuna tofauti, semeni. Mwandikieni aliyeileta programu, kwa heshima, pamoja na namba zenu na daftari la vipindi, ili ijulikane kama ni programu iliyoshindwa au ni sisi ambao hatukuifanya. Wafadhili wengi wanaogopa barua hiyo kuliko tunavyoogopa kuiandika, lakini nawajua walioshukuru.

Ratiba ninayopendekeza ni hii. Kupima wote: wiki ya pili ya muhula wa kwanza, ada zikiwa zimetulia kidogo. Kura: Ijumaa ya wiki hiyo, wazazi wakiwepo. Kupima tena: wiki ya kwanza ya muhula wa pili, baada ya likizo na kabla ya mavuno ya mahindi kuanza kuwachukua watoto. Siku hiyo hiyo kundi la pili linaanza. Fomu ya kujiandikisha iko kwa katibu pale mlangoni, ina nafasi za shule kumi. Chakula kiko tayari, nasikia harufu ya kalo na nyama. Mwenye swali aniulize tukiwa kwenye foleni.